Boti ya jeti: uchukue ndogo au kubwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Ndogo" na "kubwa" hapa maana yake nini?

Tunazungumzia boti za starehe zinazosukumwa na pampu ya maji badala ya propela. Ndogo ni zile za futi 18 hadi 19, yaani mita 5.5 hadi 5.8, na kwa kawaida zina injini moja na pampu moja. Kubwa zinaanzia futi 23 na kufika 27, mita 7 hadi 8.2, na karibu zote zina injini mbili na pampu mbili. Katikati kuna kundi la futi 21 na 22, ambalo tumelipa swali lake huko chini.

Upana hautofautiani sana kama urefu. Boti ndogo nyingi zina upana wa mita 2.4 hivi, na kubwa nyingi huishia mita 2.59 kwa sababu ya sheria za barabarani za Marekani, ambako upana huo unavutwa bila kibali maalumu. Kwa hiyo boti kubwa kwa kawaida hairefushwi na kupanuliwa kwa pamoja. Inarefushwa tu, na nafasi unayoongezewa iko zaidi omo (mbele) na tezi (nyuma) kuliko ubavuni.

Pampu ya jeti inafanyaje kazi, na ukubwa wa boti unabadilisha nini hapo?

Injini huzungusha impela, yaani mapanga mafupi ya chuma cha pua yaliyofungiwa ndani ya bomba. Maji hunyonywa kupitia wavu ulio chini ya boti, husukumwa nyuma, hunyooshwa na mabapa yasiyozunguka, kisha hutoka kwa kasi kupitia pua iliyobanwa. Usukani hugeuza ile pua. Ukitia rivasi, kikombe cha chuma hushuka nyuma ya pua na kuuelekeza mkondo upande wa mbele. Injini yenyewe haibadilishi mwelekeo wa kuzunguka hata kidogo.

Mambo matatu yanafuata kutoka hapo, na yanahusu boti ndogo na kubwa sawasawa. Kwanza, usipokanyaga mafuta huna usukani, kwa sababu pasipo mkondo hakuna cha kugeuza. Pili, nyutro ya kweli haipo. Impela inazunguka muda wote injini inapowaka. Kikombe kimeshuka nusu tu ili nguvu ya mbele na ya nyuma zilingane. Kamba iliyoning'inia gatini inaweza kunyonywa hata kama umeweka nyutro. Tatu, chochote kinachopita kwenye wavu kinafika kwenye impela: changarawe, magugu, mfuko wa plastiki, kamba ya kuburuzia.

William Hamilton wa New Zealand, aliyeifanya jeti ya kisasa ifanikiwe miaka ya 1950, alitaka chombo cha kupanda mito ya mawe yenye kina kifupi. Asili yake ndiyo hiyo. Boti ya starehe ya futi 25 yenye watu 10 ni matumizi mengine kabisa ya wazo lile lile, na ndiyo maana si kila sifa ya jeti ndogo unaikuta kwenye jeti kubwa.

Nianze kupima nini kabla ya kwenda kuangalia boti?

Anza na gari lako, kisha mahali pa kuiweka. Watu wengi huanza na viti na spika, halafu wanagundua nchi kavu kwamba boti haivutiki.

Pima uzito wote unaovutwa, si ule wa boti tupu ulioandikwa kwenye kipeperushi. Chukua mfano wa boti ndogo: boti tupu kilo 1,000, trela kilo 350, mafuta lita 150 ambayo ni kilo 110 hivi (petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74 kwa lita), nanga, kamba, majaketi na vinginevyo kilo 90. Jumla ni kilo 1,550. Sasa kubwa: boti tupu kilo 1,700, trela la ekseli mbili kilo 550, mafuta lita 190 kilo 140, vifaa kilo 160. Jumla kilo 2,550. Tofauti ya tani nzima haionekani dukani. Utaiona siku ya kupandisha boti kwenye mteremko wenye utelezi wa mwani.

Angalia kitabu cha gari mambo mawili: uzito wa juu unaoruhusiwa kuvutwa na uzito unaoruhusiwa kukandamiza kwenye mpira wa kuvutia, yaani ile tufe ya chuma nyuma ya gari. Kwa boti, uzito huo wa mbele huwa karibu asilimia 7 hadi 10 ya jumla. Ukiwa mdogo mno, trela litayumba barabarani. Ukiwa mkubwa mno, tairi za mbele za gari zinapoteza mshiko. Usitumie uwezo wa gari wote. Bakiza angalau sehemu moja kwa tano kwa ajili ya milima, joto na breki.

Kisha pima gereji, na upime na trela lake. Boti ya mita 7.3 juu ya trela hupita mita 8, na mnara wa kufungia kamba ya kuburuzia watu unahitaji kulazwa ili upite mlangoni. Trela nyingi zina ulimi wa mbele unaokunjwa, jambo linalookoa karibu nusu mita au zaidi kidogo.

Inabeba watu wangapi kweli?

Soma kibao cha uwezo kilichopigiliwa karibu na usukani. Boti ndogo nyingi zinaandikwa watu 7 au 8, kubwa 10 hadi 12. Huo ni ukomo, na haimaanishi watu hao watakaa kwa raha. Hesabu za watengenezaji huchukua mtu mmoja kuwa takriban kilo 75 au pungufu, na kibao kina namba mbili: idadi ya watu na jumla ya kilo, ambamo mara nyingi mizigo inahesabiwa pia. Inayofika kwanza ndiyo inayokufunga. Watu wazima 6 wenye miili, friji ya barafu iliyojaa na mfuko wa maji wa kuongezea uzito vinaweza kumaliza kilo za boti ndogo kabla idadi ya watu haijafika.

Marekani, kibao hicho ni lazima kwa boti za mwili mmoja zilizo chini ya futi 20 tu. Kwa hiyo boti kubwa yaweza kuwa na kibao cha hiari au ikawa haina kabisa. Hapo tafuta namba kwenye kitabu chake. Boti zinazouzwa Ulaya zina kibao chenye herufi ya daraja. C inahusu upepo hadi nguvu ya 6 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. D ni ya maji tulivu yaliyokingwa, upepo hadi nguvu ya 4. Boti moja yaweza kuandikwa watu wachache kwenye C na wengi zaidi kwenye D. Muuzaji akikutajia namba, muulize ni ya daraja gani.

Ushauri wetu: hesabu watu unaotoka nao siku nyingi, si wale wa sikukuu. Kama ni wanne, boti ndogo inawatosha na nafasi inabaki. Kama ni sita kila wiki, ndogo itawachosha mapema.

Injini moja au mbili, faida iko wapi?

Mbili zinakupa vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni kurudi nyumbani: pampu moja ikiziba kwa kamba, ya pili inakutoa, ingawa kwa mwendo wa polepole tu, kwani boti nzito haipandi juu ya maji, yaani haiinuki na kuteleza juu ya uso wake, kwa injini moja. Cha pili ni kugeukia mahali pamoja. Unatia injini ya kulia mbele na ya kushoto rivasi, na boti inazunguka kama sahani. Mwenye injini moja hana njia hiyo. Anategemea pua pekee.

Gharama yake ni kwamba kila kitu kinazidishwa kwa mbili. Injini mbili za silinda 3 zina plagi 6, za silinda 4 zina plagi 8. Oili mara mbili, filta mbili, impela mbili, ringi mbili za pampu (pete inayoizunguka impela), na mara nyingi betri mbili. Mafundi nao wanahitaji muda zaidi kwa sababu injini zimebanana na mkono haupiti vizuri katikati.

Kwenye ziwa dogo ambalo ukizimikiwa unaonekana kutoka ufukweni, injini moja yenye matunzo inatosha kabisa. Kwenye maji mapana, au mto wenye mkondo, injini ya pili ina thamani yake.

Tofauti ya mafuta ni kubwa kiasi gani?

Ni kubwa, na inashangaza zaidi ukiipigia hesabu ya umbali. Injini ya petroli ya viharusi vinne ikikanyagwa hadi mwisho hunywa karibu theluthi moja ya lita kwa kila nguvu farasi kwa saa. Injini moja ya nguvu farasi 180 ni kama lita 60 kwa saa. Mbili za jumla ya 360 ni kama lita 120. Kwa mwendo wa kawaida wa matembezi chukua nusu ya hapo.

Sasa tumia kanuni ya mabaharia: theluthi ya tangi kwenda, theluthi kurudi, theluthi akiba. Tangi la lita 150 kwenye boti ndogo linakupa lita 100 za kutumia. Kwa lita 30 kwa saa ni zaidi ya saa 3. Tangi la lita 190 kwenye kubwa linakupa lita 127 hivi. Kwa lita 60 kwa saa ni saa 2 na dakika chache. Kumbe boti kubwa haikupeleki mbali zaidi. Inawapeleka watu wengi zaidi, kwa raha zaidi, kwa muda mfupi zaidi. Namba hizi ni za makadirio, lakini kabla ya kununua weka tangi na injini za boti unayoitaka kwenye hesabu hiyo hiyo uone jibu.

Kumbuka pia kwamba jeti haina mwendo wa katikati ulio mzuri. Ukienda polepole sana pampu haina ufanisi. Ukiwa kati ya polepole na kasi, omo imeinuka, tezi imezama, huoni mbele na mafuta yanaisha bure. Ama uende taratibu kabisa, ama uipandishe juu ya maji uipunguzie hapo.

Mawimbi je? Ndogo inapigika sana?

Ndiyo. Urefu ndio unaoamua zaidi. Boti fupi inashuka kwenye kila bonde la wimbi na kupanda tena. Ndefu inalalia migongo miwili kwa wakati mmoja. Kwenye vijiwimbi vya sentimita 30 vinavyofuatana kwa karibu, boti ya mita 5.8 inabidi ipunguze mwendo, ilhali ya mita 7.5 inaendelea bila abiria kushika vyuma. Wimbi likifika nusu mita na zaidi, zote mbili zinapunguza.

Jeti ina tatizo lake hapa. Boti ikiruka, wavu wa kunyonyea unatoka majini, pampu inameza hewa, na mizunguko ya injini inaruka ghafla kwa mlio mkali. Kwenye boti ndogo nyepesi hutokea mapema zaidi. Dawa ni kupunguza mafuta kabla ya kuruka, na kuhamisha mtu mmoja au wawili kutoka omo kwenda katikati. Ila usiwaondoe wote mbele: omo ikiwa nyepesi mno inapigapiga, ikiwa nzito mno inachimba na boti inavuta upande mmoja kwenye kona.

Uliza pembe ya chini ya boti kwa nyuma. Nyuzi 18 hadi 20 ni za kawaida kwa aina hii, na pembe kali zaidi inakata wimbi vizuri lakini inayumba zaidi mkiwa mmesimama.

Ipi ni rahisi kuegesha gatini?

Jibu la haraka ni ndogo, lakini si kwa sababu watu wanayoidhani. Jeti zote zina kina kifupi na hazina propela wala usukani wa chini unaoshika maji, hivyo upepo unazisukuma omo kama karatasi. Boti kubwa ina ubavu mrefu zaidi wa kushikwa na upepo, ila ina injini mbili za kuipigania. Ndogo inasukumwa kidogo zaidi na unaweza kuizuia kwa mkono ukiwa umesimama gatini. Kwa mtu anayetoka peke yake au na watoto tu, hilo ni jambo zito.

Kwa zote mbili, kosa la mwanafunzi ni lile lile: anakaribia gati kwa kasi, anaogopa, anaachia mafuta, na papo hapo usukani unakufa. Boti inaendelea kule ilikokuwa inakwenda. Fanya hivi: simamisha boti kabisa mita 20 kabla, angalia upepo unakusukuma wapi, kisha sogea kwa miguso mifupi ya mafuta, usukani ukiwa umeshageuzwa kabla ya kugusa. Boti nyingi za sasa zina mikuku midogo au mapezi nyuma ya pua yanayosaidia mwendo wa taratibu. Yanasaidia kweli, lakini hayabadilishi kanuni.

Si jeti zinapita popote hata kwenye kina kifupi?

Zinaelea kwenye sentimita 35 hadi 50, lakini kuelea si kuendesha. Watengenezaji wengi husema usiwashe injini pasipo na angalau sentimita 90 za maji chini ya boti. Pampu inafanya kazi kama mashine ya kufyonza vumbi: ukiwasha ukiwa umeegesha ufukweni, inainua mchanga na changarawe na kuvipitisha kwenye impela. Rivasi ni mbaya zaidi kwani inapuliza mchanga mbele, moja kwa moja kuelekea kwenye wavu.

Boti ndogo inasukumwa na watu wawili hadi kwenye kina salama ndipo iwashwe. Jaribu kuisukuma ya kilo 2,000 iliyokaa kwenye mchanga uone. Wapenda fukwe na visiwa vya mchanga wanafaidika na ndogo kuliko wanavyotarajia.

Injini inanguruma lakini boti haiendi. Kuna nini?

Pampu imepoteza mshiko wa maji. Tafuta kwa mpangilio huu: magugu au mfuko kwenye wavu, kamba iliyojizungusha kwenye shafti, jiwe lililokwama kwenye mabapa, impela iliyokunjika ncha, ringi iliyolika, au silikoni iliyoachia mahali pampu inapokutana na mwili wa boti na kuruhusu hewa iingie. Nafasi kati ya ncha ya impela na ringi inapaswa kuwa karibu nusu milimita au pungufu; kijiti cha kupimia nafasi kinakuambia ndani ya dakika moja. Mikwaruzo ya changarawe ikipanua nafasi hiyo, kwanza utaona boti inachelewa kupanda juu ya maji, baadaye kasi ya juu inashuka.

Boti zenye matundu ya kusafishia nyuma hukuwezesha kutoa magugu ukiwa umekaa. Zima injini, toa ufunguo wa usalama, ndipo ufungue. Ukirudisha kizibo, hakikisha kimejifunga. Kizibo kilichoachia hurusha maji ndani kwa nguvu ya kutisha. Kwenye boti kubwa kuna matundu mawili na kisu cha kukatia kamba ni lazima kiwepo. Kwenye ndogo bila tundu, itabidi mtu aingie majini.

Kwa kuburuza mpira, ski na ubao, ipi inafaa?

Kwa mpira wa kuburuzwa wenye watoto wawili, ndogo inatosha na inafurahisha zaidi kwa kuwa inageuka kwa wepesi. Kumwinua mtu mzima kwenye ubao huku boti ina watu watano, hapo injini moja inatoa jasho. Ukikaa mahali pa juu kutoka usawa wa bahari, ongeza tatizo: injini isiyo na supacha (kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko.

Uzito wa boti kubwa unatengeneza wimbi zito nyuma, na mifuko ya maji ya lita 300 au 400 inaliongeza. Lita moja ni kilo moja. Ihesabu kwenye kibao. Sehemu nyingi sheria inadai mtu wa pili wa kumwangalia anayeburuzwa, kwa hiyo boti inahitaji viti vitatu kwa uchache: dereva, mwangalizi, na cha yule aliye majini.

Haina propela, kwa hiyo ni salama kwa watoto?

Ni salama zaidi upande mmoja tu. Wavu wa kunyonyea hushika nywele ndefu, mikanda ya majaketi na nguo zilizolegea. Mkondo wa nyuma unaweza kumjeruhi mtu vibaya ndani ya mwili akianguka nyuma ya pua karibu. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inajikusanya pale pale kwenye jukwaa la kuogelea watoto wanapopenda kukaa. Injini ikiwaka, jukwaa liwe tupu. Zima kabisa kabla ya mtu kupanda au kushuka. Nyutro haitoshi, tumeshaeleza kwa nini.

Kabla ya kuwasha, inua mfuniko wa injini unuse, kisha washa feni ya ngama, yaani ya sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kwa dakika 4. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini. Kwenye boti kubwa sehemu ya injini ni pana, feni ni zile zile dakika 4, usikate.

Ukubwa wenyewe unachangia kitu: kingo za boti kubwa ni za juu zaidi, hivyo mtoto wa miaka mitatu haegemei nje kwa urahisi. Pia choo kidogo cha kubebeka kinapata chumba. Wenye familia wanaelewa uzito wa hilo kuliko nguvu farasi.

Matunzo yanatofautianaje?

Kazi ni zile zile. Oili ya kwanza mara nyingi ni baada ya saa 10 za kazi, kisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, ipi itangulie. Baada ya kila safari ya maji chumvi, suuza injini kwa maji baridi ya bomba, na hapa mpangilio ni muhimu kuliko muda:

1. Unganisha mpira wa maji, usifungue bomba.
2. Washa injini.
3. Fungua maji mara moja, acha kwa dakika 3 hadi 5.
4. Funga maji.
5. Gusa mafuta mara mbili tatu kwa sekunde chache ili maji yatoke kwenye eksozi, zima.

Ukifungua maji kabla ya kuwasha, au ukizima injini kabla ya kufunga maji, maji yanajaa kwenye eksozi na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi, fimbo ya pistoni inapinda. Boti kubwa inataka ufanye hivyo kwa kila injini, na kila moja ina tundu lake.

Uliza pia mfumo wa kupooza. Injini za Rotax za boti na pikipiki za maji zina kipoozi cha mzunguko uliofungwa, kwa hiyo chumvi haigusi ndani ya injini, ingawa eksozi bado inasuuzwa. Yamaha hutumia maji ya nje moja kwa moja, na kusuuza kwake hakuna mjadala.

Naweza kuiacha majini msimu mzima?

Hapana kwa zote mbili, na hapa ndipo uchaguzi wengi unapokosewa. Mtu ananunua kubwa, anaona tabu kuivuta kila wiki, anaiacha gatini. Baada ya wiki chache kuna makome na mwani ndani ya bomba la pampu, mahali ambapo rangi ya kuzuia uchafu haidumu, na alumini ya pampu inaliwa na chumvi. Boti iliyokuwa inapanda juu ya maji kwa sekunde 4 inachukua 10 au haipandi. Kama huna lifti ya kuinulia na huna nguvu za kuivuta mara kwa mara, nunua ile utakayoitoa majini kila jioni. Kwa wengi ni ndogo. Vipande vya zinki au alumini vya kujitoa kafara, vinavyoliwa na chumvi badala ya pampu, vibadilishwe vikibaki nusu.

Nichukue ndogo yenye injini kali badala ya kubwa?

Injini yenye supacha kwenye futi 19 inatoa kasi na mvuto mzuri wa kuinua mtu, kwa uzito wa boti ndogo. Lakini inataka petroli ya oktani ya juu, inanywa zaidi, ina sehemu nyingine ya kukaguliwa, na haibadilishi urefu: kwenye mawimbi utapunguza mwendo vile vile. Nguvu hainunui raha.

Futi 21 au 22 je?

Kwa mtu mwenye gari la kawaida la kuvuta na watu watano sita, hili ndilo jibu letu mara nyingi. Unapata injini mbili ndogo za silinda 3, uzito wa kuvuta karibu kilo 2,000, na gereji nyingi zinaipokea. Unachokosa ni choo na uzito wa kutengeneza wimbi.

Boti ikikwama, wenzangu waivute tu?

Polepole, chini ya kilomita 8 kwa saa. Ikivutwa kwa kasi injini ikiwa imezimwa, maji yanaingia kupitia mfumo wa kupooza na kujaza eksozi. Mwendo mkubwa zaidi unahitaji kubana mpira wa maji ya kupooza kwanza. Jua ulipo kabla hujauhitaji. Ndogo inavutwa na karibu boti yoyote. Kubwa itahitaji mvutaji mwenye nguvu.

Kabla ya kulipa, majaribio majini niyafanyeje?

Boti iliyotumika usiinunue kama mbuzi kwenye gunia. Nchi kavu, ingia chini na tochi: angalia ncha za impela kupitia wavu, mikwaruzo ya mviringo kwenye ringi, nyufa kama buibui kuzunguka tundu la kunyonyea. Zungusha impela kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Mkwaruzo au mlio wa bearingi ni bei ya kushushwa. Oili yenye rangi ya maziwa ni maji ndani. Soma mita ya saa, na kwa yenye injini mbili linganisha zote mbili: tofauti kubwa ya saa inadai maelezo.

Majini, nenda na idadi ya watu utakaowabeba kawaida, tangi likiwa angalau nusu. Muuzaji atapenda uende naye peke yake, kwa kuwa boti tupu inaruka kama samaki. Kataa. Kanyaga hadi mwisho na soma mizunguko. Injini hizi nyingi zinapaswa kufika karibu 7,500 kwa dakika. Angalia kitabu cha modeli husika. Mizunguko ikipita kiwango huku kasi iko chini, pampu imelika au inameza hewa. Ikiwa haifiki kiwango, injini imechoka au kuna kitu kimekwama kwenye impela. Kwenye boti ya injini mbili, kanyaga moja kisha nyingine, na namba zao zisipishane kwa zaidi ya mia moja au mbili.

Halafu endesha dakika 10 kwa mwendo wa matembezi na ujaribu kuongea na aliyekaa kiti cha nyuma bila kupaza sauti. Injini ya jeti inazunguka kwa kasi zaidi kuliko injini nyingi za propela kwa mwendo huo, na kwenye boti ndogo umekaa karibu kabisa na mfuniko wa injini. Ukirudi gatini, egesha mwenyewe, mara tatu, mara moja upepo ukiwa unakusukuma kutoka kwenye gati.